Tairi za theluji kutoka Japani zinafaa masika ya Dar? Nimepata bei nzuri pamoja na rimu zake

MgosiWaGoba

Wakuu heshima kwenu, naombeni mawazo kabla sijatoa hela. Nina Toyota Premio ile new model cc 1800, tairi zimebaki vipara hasa za mbele, na mvua ndio hizo zinakuja. Naishi Goba ndani ndani huko, ukiacha lami unashuka kilima cha udongo mwekundu mpaka nyumbani, halafu Pasaka natakiwa nipeleke familia Tanga kwa hiyo siwezi kuendelea na hizi nilizonazo.

Bajeti laki saba, nikijikamua sana laki saba na nusu. Jana nimezunguka Kariakoo kule Gerezani, saizi ni 195/65R15 kama ilivyoandikwa kwenye stika ya mlangoni. Bei nilizotajiwa mpya za Kichina laki na thelathini mpaka laki na hamsini moja, Yokohama na Bridgestone wanaanzia laki mbili na nusu, mtumba elfu sitini mpaka themanini inategemea meno yamebaki kiasi gani.

Sasa kuna dalali mmoja akanishika mkono akanipeleka kwa jamaa anayeshusha vitu vya Japani. Ana seti ya tairi nne zikiwa kwenye rimu zake za sport, saizi ile ile yangu, meno marefu utadhani hazijatembea. Laki nne na themanini ZOTE, tairi na rimu! Ubavuni zimeandikwa STUDLESS, kuna alama ya kamlima kana ua la theluji ndani yake, na M+S. Muuzaji anasema hizi ni za theluji, kama zinashika kwenye barafu basi tope la Goba ni mchezo wa kitoto na mvua ndio kabisaa.

Kwa maneno inaingia akilini lakini hiyo bei inanipa wasiwasi. Kuna mtu amezitumia hapa Dar? Na rimu nazihitaji kweli maana moja ya chuma ya mbele imepinda, nikifika 80 usukani unatetemeka.

Kibabu_cha_Tandale

Mkuu theluji ya Goba inaanza kuanguka tarehe ngapi na sisi tujiandae 😂😂

MgosiWaGoba

Hahaha mzee acha basi, niko siriazi hapa

FundiBalansi

Mgosi hii kazi ya tairi naifanya muda sasa na hili swali naulizwa kila masika ikikaribia, acha nikuandikie kwa kirefu.

Huyo muuzaji hajakudanganya kuhusu tairi yenyewe, ni tairi nzuri sana, ila kwa mahali pake. Mpira wake umechanganywa ubaki laini kwenye baridi. Tairi ya kawaida joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi inaanza kukakamaa, ndio maana nchi za baridi wanabadilisha. Ya theluji yenyewe inabaki laini hata chini ya sifuri. Sasa ilete Dar mchana, hewa nyuzi 32, lami ndio usiseme, mpira unalainika kupita kiasi unakuwa unajikwangua kila ukikata kona na kila ukishika breki. Hayo meno marefu unayoyaona leo utashangaa yanavyoisha, na foleni zetu hizi za simama nenda simama nenda.

Halafu angalia uso wa tairi vizuri. Utaona kila kibonge cha mpira kina vipasuo vyembamba vya zigizaga vingi kama vimekatwa na wembe. Vile ndio vinang'ata barafu na kunyonya kile kimaji chembamba kinachokaa juu yake. Kwenye lami ya moto vipasuo hivyo hivyo vinafanya kibonge kicheze, ukikata kona gari unaisikia inayumba kwa nyuma kidogo, ukipiga breki ya ghafla inachelewa kusimama.

Na kwenye mvua ndio wengi wanapigwa. Studless (yaani za theluji zisizo na misumari) za Kijapani zimetengenezwa ziguse barafu kwa eneo kubwa iwezekanavyo, kwa hiyo mpira ni mwingi na mifereji ya kutolea maji ni midogo ukilinganisha na tairi ya kawaida. Maji yetu sisi sio kimaji cha juu ya barafu, ni dimbwi la kufikia nusu ya rimu. Unaingia nalo spidi 70 tairi inapanda juu ya maji, usukani unakuwa mwepesi ghafla kama vile gari haina mbele, hapo hata uwe dereva wa namna gani unasubiri tu kudra za Mungu.

Tope sasa. M+S ni alama anayojiandikia mwenye kiwanda mwenyewe, hakuna jaribio linalotakiwa ili uiweke. Ile ya mlima na theluji ndio inapimwa, ila inapimwa kwenye theluji. Udongo mwekundu wa Goba ukijaa kwenye vile vipasuo vya wembe hautoki, baada ya mizunguko mitatu minne tairi imeshakuwa duara la udongo tu, itateleza kama hicho kipara chako.

Kitu kingine, angalia herufi na namba baada ya saizi. Nyingi za theluji za Japani utakuta 91Q. Hiyo 91 ni uzito, kilo 615 kwa tairi moja, haina shida. Q ni spidi ya juu kilometa 160 kwa saa, wakati tairi ya kawaida ya saizi yako mara nyingi ni H yaani 210 au V 240. Najua hutakimbia 160 kwenda Tanga (natumaini) ila hiyo herufi inakuonyesha tairi inavumilia joto kiasi gani, na gari limejaa watu na mizigo saa saba mchana kati ya Chalinze na Segera joto la tairi sio la mchezo.

Dereva_wa_App

Fundi heshima yako ila mimi napingana kidogo. Mimi ni dereva wa Bolt, studless za mtumba nimetembelea sana tu na sijawahi kuingia mtaroni. Ni kweli zinaisha haraka na ukikata kona gari inakuwa kama imevaa ndala, ila mjini hapa unakimbia wapi? Kutoka Mwenge mpaka Posta spidi yenyewe 30 ukibahatika. Ukipata yenye meno kwa elfu sitini na hela ya hesabu bado hujapata utaacha? Watu wanaongea tu humu kama kila mtu ana laki tatu za kununua tairi moja.

FundiBalansi

Dereva nakuelewa na sikubezi. Kwa mizunguko yako ya mjini na spidi hizo hatari ni ndogo, kweli. Ila piga hesabu ya kilometa sio ya tairi. Ukinunua ya elfu sitini ikakaa theluthi ya muda wa ile ya laki na arobaini umeokoa nini? Na kila ukibadilisha unalipa kufunga, unalipa balansi, na siku hiyo hufanyi kazi. Halafu mwenzako hapa anakwenda Tanga na watoto, sio Posta.

Dereva_wa_App

Hapo kwenye Tanga sawa, nimekubali. Highway hata mimi nisingeenda nazo.

Ila Mgosi kama bajeti itakubana ukarudi kwenye mtumba wa kawaida (usio wa theluji) basi usikubali kuuziwa ikiwa imeshafungwa kwenye rimu. Mwambie aitoe uiangalie ndani. Utakuta nyingine imezibwa kwa ndani pembeni kabisa karibu na ubavu, hiyo achana nayo, kiraka cha ubavu hakikai. Pitisha kiganja ubavuni taratibu, ukisikia kauvimbe ujue nyuzi za ndani zimekatika itakupasukia. Na meno yakiwa yameliwa upande mmoja lile gari la kwanza lilikuwa na shida ya alaimenti (magurudumu hayakunyooka sawa), tairi yenyewe itakusumbua. Vijana wengine wanazipaka ile dawa nyeusi zinang'aa kama kiatu cha harusi, usibabaike na weusi.

Mkinga_wa_Makete

Samahani nidandie uzi. Mimi niko Dar ila nyumbani Makete, naenda sana mwezi wa sita na wa saba, kule sakitu inaanguka asubuhi unakuta majani meupe na kioo cha gari kimeganda. Je kwa safari za kule hizo tairi zingefaa?

FundiBalansi

Mkinga hapana. Sakitu inakaa kwenye majani na bati, saa tatu jua likitoka imeisha, na lami mara nyingi haishiki barafu ya kutelezea. Kwa kutembelea hiyo asubuhi moja utatembea na tairi ya theluji kutoka Dar, Morogoro, unapita Mikumi, unapandisha Kitonga, joto lote hilo? Kule kinachosumbua ni tope na utelezi wa vumbi. Kama una gari ya juu funga za A/T (za lami na njia mbovu) zenye vibonge vilivyoachana, zinajisafisha tope. Kama ni gari ndogo basi tairi ya kawaida yenye meno ya kutosha, na asubuhi hiyo usiwe na haraka.

Da_Siwema

Habari zenu. Niko Göteborg Sweden huku, nimeona kaka Mgosi anauliza tairi za theluji nikasema hapa ndio penyewe maana mimi hilo jambo nalilipia kila mwaka.

Alichosema Fundi ni sahihi kabisa, huku hata wazungu wenyewe hawatembelei za theluji wakati wa joto. Sheria ya Sweden ni kwamba kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka 31 Machi kukiwa na hali ya baridi barabarani, yaani theluji, barafu au utelezi, lazima uwe na tairi za baridi, na meno yasipungue milimita 3. Joto likianza kila mtu anazivua. Kuna zenye misumari na zisizo na misumari, za misumari zinaruhusiwa tangu 1 Oktoba mpaka 15 Aprili, na kuna mitaa wamezipiga marufuku kabisa kama Hornsgatan pale Stockholm kwa sababu misumari inachimba lami vumbi linajaa hewani. Japani nao walipitisha sheria ya kuzuia za misumari mwaka 1990 kwa sababu hiyo hiyo ya vumbi, ndio maana mnachokiona huko Kariakoo ni studless tu, wao wakahamia kwenye mpira laini na vile vipasuo.

Sasa namna sisi tusio na hela tunavyofanya huku: hununui tairi peke yake, unanunua seti ya pili ya magurudumu. Unatafuta rimu za chuma za bei rahisi, unafunga tairi za baridi humo moja kwa moja, mwezi wa kumi na moja unapiga jeki unabadilisha magurudumu manne mwenyewe nyumbani nusu saa kazi imeisha. Ukiwa na rimu seti moja tu kila msimu unalipa watu wavue tairi kwenye rimu wafunge nyingine na wapige balansi, mara mbili kwa mwaka, hela hiyo baada ya miaka miwili mitatu imezidi bei ya rimu za chuma. Wengi pia wanashuka saizi, gari imekuja na 17 wanaweka 15 au 16 ilimradi iingie kwenye breki na kipimo kiwe kimekubaliwa kwa gari hiyo, maana tairi ya 15 ni rahisi kuliko ya 17 na ubavu wake ni mrefu. Na chumvi wanayomwaga barabarani inakula rimu nzuri, kwa hiyo za sport watu wanazificha stoo mpaka joto. Wasio na stoo wanalipa gereji iwatunzie tairi, huku wanaita hoteli ya tairi, ndio, tairi zinalala hotelini 😅

Kinachouma ni gari mpya, zina vile vifaa vya kupima upepo ndani ya rimu. Ulaya ni lazima kwa magari mapya tangu Novemba 2014, kwa hiyo kama gari yako inatumia vya ndani ya rimu seti ya pili nayo unainunulia vyake.

Na ndugu yangu mmoja yuko Ujerumani, kule zamani M+S peke yake ilikubalika kuwa tairi ya baridi, sasa hapana, tangu Oktoba 2024 wanataka ile ya mlima na ua la theluji. Kwa hiyo hata huku kwenye theluji yenyewe hiyo M+S haiwatoshi.

Mtumba nanunua na mimi sijidai, ila tairi ya baridi ikishapita miaka mitano sita siishiki hata iwe na meno kiasi gani, mpira unakuwa umekauka. Kaka Mgosi angalia namba ya DOT ubavuni, tarakimu nne za mwisho. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho mwaka tairi ilipotengenezwa.

MgosiWaGoba

Dada Siwema ubarikiwe, na Fundi pia, nimesoma neno kwa neno. Nilikuwa maeneo ya Ilala nikapita tena pale kuangalia. DOT inaishia 3716 tairi tatu, moja 3616. Kwa hiyo wiki ya 37 mwaka 2016, zinakaribia miaka kumi! Muuzaji nilipomwonyesha akasema hiyo ni namba ya kiwanda tu haina maana yoyote 😂

Kwa hiyo tairi nimezifuta kichwani. Swali sasa ni rimu. Zina nembo ya Subaru katikati, matundu matano. Anasema Premio na Subaru rimu zinaingiliana na kama sitaki tairi atanipa rimu tupu kwa laki tatu na ishirini. Ni kweli zinaingiliana?

Ofiseti_48

Hapa ndio kwangu. Ni kweli kwa kiasi fulani na hicho kiasi ndio kinaleta kesi.

PCD (idadi ya matundu ya nati na kipenyo cha duara yanapokaa, kwa milimita) ya Premio yako ni 5x100, na Subaru nyingi za zamani kama Impreza na Forester za miaka ile ni 5x100 pia, kwa hiyo matundu yatakaa. Ila pima kwanza, usikubali maneno, kuna Subaru zingine na Toyota kibao za matundu matano kama Rav4 na Harrier ni 5x114.3, kwa macho huwezi kujua.

Tundu la katikati: Toyota yako 54.1, Subaru 56.1. Milimita mbili kubwa zaidi, maana yake rimu haikai kwenye kitovu cha ekseli inaning'inia kwenye nati. Ukiifunga ikakaa pembeni kidogo usukani utatetemeka hata ukapige balansi mara kumi, na wewe kutetemeka ndiko unakokukimbia. Unatafuta ringi za kujazia 56.1 kwenda 54.1, zipo za plastiki na za aluminiamu, bei ndogo tu.

Nati: usije ukachukua nati za Subaru! Uzi wao ni 12x1.25, Toyota ni 12x1.5, ukilazimisha kwa spana unaua bolti. Tumia za Toyota, ila ziwe za koni. Toyota zenye rimu za sport za kiwandani nyingi zinakuja na nati za washa bapa, hizo kwenye rimu ya Subaru haziingii kwenye koni yake, zitakaza halafu zinalegea njiani. Wewe una rimu za chuma kwa hiyo nati zako za koni zitafaa.

Ofiseti (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka pale inapofungwa kwenye gari): Subaru mara nyingi 48, 53, 55, yako iko chini kidogo ya hapo, tairi itaingia ndani milimita kadhaa. Kwa 15 isiyo pana haitagusa kitu ila kata usukani mpaka mwisho pande zote ukaangalie.

Au kama unapenda gari ishuke na ipendeze funga rimu ya 16 na tairi ya 205/55, kimo cha gurudumu zima ni karibu sawa na chako, 632 kwa 634 milimita, spidomita haidanganyi.

Mama_Junior_Kimara

Ofiseti kaka yangu mtu anaishi Goba kilimani unamwambia afunge 205/55? Ubavu wa tairi yake sasa ni kama milimita 127, huo wako 113, sentimita nzima na zaidi imeondoka halafu akutane na shimo lililojaa maji halionekani. Mimi nimeshazika rimu za sport, zilipasuka kwenye shimo la barabara ya mtaani, fundi akachomelea ikawa inavuja upepo kila baada ya siku mbili. Rimu ya aloi ikishachomelewa mimi siirudishi barabarani tena.

Mgosi mdogo wangu nikuulize swali moja tu. Una laki saba. Ukitoa laki tatu na ishirini za rimu, ukatoa ringi, unabaki na laki tatu na kitu za tairi NNE. Utaishia kwenye mtumba tena. Shida yako ni nini hasa, tairi vipara au gari kukosa kupendeza? Rimu iliyopinda ni MOJA. Tafuta rimu moja ya chuma.

FundiBalansi

Dada Mama Junior kaimaliza kazi. Rimu moja ya chuma ya 15 yenye 5x100 Gerezani haikosekani, watu wanaofunga za sport wanaziacha zimerundikana na bei yake ni ya kawaida kabisa ukitulia kwenye kupatana. Ukishaipata iweke kwenye mashine ya balansi ikiwa tupu uione inavyozunguka, kama inapiga mawimbi irudishe hapo hapo. Hata hiyo uliyonayo chuma kinanyoosheka kama haijapinda sana, tofauti na aloi, unaweza kuifanya spea.

Halafu laki sita zote peleka kwenye tairi mpya nne za laki na nusu. Sikuambii Kichina ni sawa na Yokohama, kwenye maji zinatofautiana, ila Kichina mpya ya juzi ya jina linalojulikana kama Linglong, Triangle au Westlake kwa Dar ni bora mara mia kuliko Kijapani ya theluji ya 2016. Chagua yenye mifereji minne mipana inayozunguka tairi nzima na vijifereji vinavyotoka kwenda pembeni, hiyo ndio inasukuma maji nje. Kama ina ile stika ya Ulaya angalia palipochorwa wingu la mvua, A ni nzuri, ukienda kuelekea E breki ya kwenye maji inarefuka. Angalia DOT hata kwa mpya, kuna mpya zilizokaa stoo miaka minne juani.

MgosiWaGoba

Na kama hela ikipungua nikafunga mpya mbili tu kwa sasa, niweke mbele si ndio? Maana injini inavuta mbele na mbele ndio vipara

FundiBalansi

Mpya zinakaa NYUMA mkuu, najua mafundi wengi watakubishia. Mbele ikiteleza kwenye maji unaisikia kwenye usukani, unaachia mafuta inarudi. Nyuma ikiteleza gari inazunguka inaangalia ilikotoka. Ila kwa ulivyosema hata za nyuma zako hazina hali nzuri, ndio maana nang'ang'ania nne.

Dereva_wa_App

Hii ya nyuma hata mimi leo ndio naisikia hivyo, kila siku tunafunga mbele. Haya.

Kibabu_cha_Tandale

Kwa hiyo zile za theluji zitabaki Gerezani zikisubiri theluji. Enzi zetu tulikuwa na General Tyre ya Arusha, tairi ya hapa hapa nyumbani, hakuna aliyekuwa anasoma vimlima ubavuni.

MgosiWaGoba

Mrejesho wakuu. Nimepata rimu ya chuma elfu arobaini baada ya kuvutana sana, tukaipitisha kwenye mashine ikazunguka safi. Tairi nimechukua mpya nne za Kichina laki na arobaini na tano moja, nikakataa za kwanza alizonitolea maana DOT ilikuwa ya zamani akaenda stoo akarudi na za karibuni, kumbe zipo! Jumla laki sita na ishirini, nikaongeza kufunga, valvu mpya, balansi na alaimenti bado niko ndani ya laki saba. Usukani umetulia kabisa, nimepandisha mpaka mia Bagamoyo Road asubuhi mapema hautikisiki.

Maswali mawili ya mwisho. Upepo nijaze ngapi, kijana wa sheli amenijazia 40 anasema mpya zinatakiwa zijae. Na kwa Tanga kuna kitu cha kuangalia kabla?

FundiBalansi

Hongera mkuu. 40 ni nyingi, punguza. Fungua mlango wa dereva kwenye ile stika, kama imeandikwa 220 hiyo ni kPa, ni sawa na PSI 32. Pima asubuhi tairi zikiwa za baridi, ukipima baada ya kutembea namba inapanda yenyewe usije ukapunguza ukidhani imezidi. Ukiwa na abiria na mizigo mingi ongeza kidogo, mbili tatu hivi. Spea nayo pima, watu wanaisahau mpaka siku ya pancha.

Tairi mpya zina utelezi wa kiwandani juu juu, kilometa mia za mwanzo usikate kona kwa fujo hasa mvua ikinyesha.

Ofiseti_48

Na nati urudie kuzikaza ukishatembea kilometa 50 mpaka 100, hasa kwenye hiyo rimu uliyobadilisha, rangi na kutu vya rimu ya mtumba vinakaa sawa halafu nati inapata nafasi. Toyota yako ni 103 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) kama fundi ana spana ya kupimia, kama hana basi kaza kwa mkono kwa spana ya kwenye gari, kwa mtindo wa kuruka ruka kama nyota, usimruhusu akanyage spana kwa mguu. Fanya hivyo kabla ya safari, sio ukifika Segera.

MgosiWaGoba

Poa, Jumamosi asubuhi nazirudia zote. Asanteni sana.